Kitabu Kimejaa

"Hii imejaa. Nenda ununue ingine," karani wa dirishani alisema, akalitupa daftari la Laban kwenye boksi chini ya meza yake inayoyumba.

Mueni, mke wa Laban, aliingiza mkono dirishani. Hapa hospitali ya Machakos daftari la shule ndilo faili la mgonjwa. Katika lile, daktari wa Nairobi aliyemwekea mumewe vali ya chuma moyoni mwaka 2002 alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: homa ikizidi siku tatu, pimeni damu kwanza, vali inaweza kushikwa na viini vya maradhi. Leo ilikuwa siku ya kumi na tisa.

"Kuna maneno ya moyo humo, karani. Nirudishie tu."

"Mama, ikijaa ni mali ya serikali. Inaenda stoo."

Ati mali ya serikali! Alikimbia dukani, akarudi na daftari jipya; boksi lilikuwa limeshapelekwa stoo. Laban alikuwa benchini, amejifunika koti kwenye jua la saa sita, meno yanagongana. Daktari wa zamu alifunua ukurasa mtupu. Shati hakulifungua.

"Homa? Hiyo ni malaria."

"Daktari, amemeza dawa ya malaria mara tatu. Ako na chuma kwa roho. Muangalie kovu."

"Kovu haiwezi kuniambia alipasuliwa nini. Historia yake iko wapi?"

"Iko stoo."

"Basi lete."

Mwenye ufunguo wa stoo alikuwa Nairobi, kwenye semina ya kutunza rekodi. Angerudi Jumatatu. Mueni alikwenda na kurudi kwenye veranda ya hospitali hadi mfagiaji akamwambia aketi. Angeketije? Miaka miwili alikuwa amelala kando ya mlio wa ile vali, tik, tik, akiulaani kwa kumnyima usingizi. Sasa alibandika sikio kifuani mwa Laban. Mlio ulikuwa umefifia, kama saa iliyofungwa kwenye blanketi. Asi!

Aliazima kalamu, akaandika mwenyewe ukurasa wa kwanza: AKO NA VALI YA CHUMA. PIMENI DAMU. Akalipeleka daftari dirishani.

Karani alisoma. "Nani amekuruhusu kuandika kwa kitabu ya hospitali?"

"Ni yangu. Nimenunua sasa hivi."

"Mgonjwa haandiki. Daktari ndiye anaandika."

Akauchana ule ukurasa taratibu, daftari lisiharibike. Akaukunja mara nne, akainama na kuusukuma chini ya mguu mfupi wa meza. Kisha akagonga muhuri wa tarehe kwenye ukurasa uliofuata, mweupe pe.

Meza haikuyumba tena.