Kunyamaza kwa Bi Mwanahawa

Kituo cha kutazamia ndege kilipotaka mlinzi, kiliomba vijijini kipewe mtu mzima, mwenye subira, aliyeishi na ndege miaka mingi. Ombi lilizunguka mpaka likafika Umwe, na Umwe hawakusumbuka hata kuitisha kikao. Wakampeleka Bi Mwanahawa.

Nani mwingine? Bi Mwanahawa alikaa na ndege tangu hajavunja ungo. Kila mpunga ulipoanza kutia maziwa, yeye huyo juu ya dungu, kile kibanda cha miti chenye miguu mirefu katikati ya shamba, anaamia, yaani anafukuza ndege kwa ukelele na kombeo, toka alfajiri mpaka magharibi. Ilisemwa kwamba kweleakwelea wakiisikia sauti yake wanahamia wilaya nyingine. Hakuna aliyeuliza hao wa kituoni wanataka ndege wafanywe nini. Kwa watu wa bondeni ndege ni wa kufukuzwa, na kama duniani yuko mtu anayewataka, habari zake zilikuwa hazijafika.

Akateremka na boti la Mshamu mpaka deltani, akaukuta mnara umesimama kwa miguu ya mbao mbele ya mikoko. Akauzunguka, akazitikisa nguzo, akaridhika.

"Dungu zuri," alimwambia Mshamu. "Wenyewe wana uwezo, wameezeka bati."

Mshamu alijua ukweli, lakini Mshamu ni mtu anayependa kuona mambo yanaishia wapi, akanyamaza.

Kesho yake asubuhi, maji yakiwa yamejaa, Amal akaja na darubini yake. Huyu Amal ndiye mkuu wa kituo, binti wa Dar es Salaam aliyesomea ndege mpaka hata wangekuwa na kwato angezijua. Akatazama fungu la mchanga. Tupu. Hakuna kitwitwi, hakuna sululu, hakuna hata membe mmoja wa kusingizia. Kutoka mnarani hadi kwenye mikoko zilitandwa kamba zenye makopo ya maziwa yanayogongana kwa upepo, na juu kabisa alisimama Bi Mwanahawa, jasho linamtoka, kombeo mkononi.

"Hajatua hata mmoja, mwanangu," alisema kwa fahari. "Walikuja wengi. Wajinga sana hawa wa kwenu, unawapigia kelele wanakutazama. Lakini sasa wameelewa."

Amal akakaa chini akalia. Bi Mwanahawa alidhani ni shukrani, akamletea maji ya kunywa.

Ilichukua asubuhi nzima kueleweshana. Kwamba ndege wale wametoka nchi za barafu, wameruka usiku na mchana, na hapa kwenye matope ndipo wanapopumzika na kunenepa mpaka majira ya kurudi kwao.

"Wanakula nini?" Bi Mwanahawa aliuliza.

"Minyoo. Vikaa. Konokono."

"Na mpunga?"

"Hawaugusi, bibi."

Bi Mwanahawa akayageukia makopo yake. Aibu ilimshika kwelikweli. Mgeni ametoka huko kote, hajapewa hata maji, na yeye amemtoa mlangoni kwa makopo! Akashuka, akazikata kamba mwenyewe, akalitupa kombeo majini.

Baada ya hapo akajifunza kutazama. Amal alimwekea darubini ya miguu mitatu, akainamisha jicho, akaona sululu anachomeka ule mdomo wake uliopinda kwenye tope, anavuta kikaa, anakitikisa miguu ikatike, anameza. Bi Mwanahawa akasahau hata chai. Maisha yake yote alikuwa amewaona ndege kwa nyuma tu, wakiondoka. Kumbe wana nyuso, na kila mmoja na tabia zake! Akawapenda, tena akawapenda kwa wivu, akawa anawafokea wavuvi wanaopita karibu.

Ila koo halikusoma. Akiwa macho, amejiandaa, alinyamaza vizuri. Lakini kundi likija ghafla kwa nyuma, likishuka kwa ule mvumo wa mbawa nyingi, koo lilifunguka lenyewe. Watalii kutoka ng'ambo walipigwa ukelele wakiwa wameinama kwenye kamera zao. Mmoja aliangusha miwani baharini, mwingine alidhani mamba amepanda ngazi. Malalamiko yakafika makao makuu. Amal alimtetea hadi akaishiwa maneno, na jibu likaja kwamba Bwana Abdulrazaq, bosi wa huko, atakuja mwenyewe kuona. Mlinzi akipiga kelele mbele yake, arudi kwao siku hiyohiyo.

Na kwao hakutaka kurudi. Shamba lilishachukuliwa na mwanawe Haruna, mtoto mwema, tatizo ni wema wake. "Pumzika, mama, kaa ule uzee." Msimu mzima kabla ya kituo Bi Mwanahawa alikaa mkekani akichambua mchele wa wenzake, akisikia kwa mbali watu wakiamia vibaya, na akaona kama amezikwa huku anapumua. Hapa mnarani alikuwa mtu. Kazi hii aliitaka kuliko alivyowahi kutaka chochote tangu alipomtaka marehemu mumewe.

Bwana Abdulrazaq alifika siku ya bamvua, maji yanapojaa kupita siku zote, vumbi la barabara ya Kibiti bado liko mabegani. Viatu vyake vilikuwa vya kung'aa, vya kuendea ofisini, ikabidi Mshamu ambebe mgongoni kutoka botini mpaka kwenye ngazi. Hata mgongoni hakucheka.

"Shikamoo, bi mkubwa," alisema alipotua. "Kiutaratibu, hapa ni mahali pa utulivu."

"Marahaba. Nimeambiwa, bwana."

Na ili asiahidi kwa mdomo tu, Bi Mwanahawa akachukua kanga, akaukunja upindo, akajifunga kinywa, fundo kwa nyuma. Mikono akaikalia. Amal akamtazama kwa huruma, akarudi kwenye darubini.

Maji yakapanda. Matope yakazama, likabaki lile fungu la mchanga mbele yao, na ndege wa delta nzima hawakuwa na pengine pa kusimama. Wakaja vitwitwi kwanza, wakageuka wote kwa pamoja, mara weupe, mara hawaonekani. Koo la Bi Mwanahawa likapanda na kushuka. Wakaja masululu, wakaja membe. Akaing'ata kanga. Machozi yakamtoka. Kisha ukaja mvumo mkubwa, kwa nyuma, juu ya bati lenyewe, kundi lililofunika jua, likashuka mbele ya macho yao likatua.

Na yeye kimya! Kimya kabisa! Furaha ikampanda mpaka akataka kusimama acheze. Ameshinda. Kazi anayo.

Ndipo Bwana Abdulrazaq aliposimama. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyepagawa. Macho yalikuwa yametoka, mikono miwili imekwenda kinywani kama bomba, na kutoka ndani ya shati lile la kupigwa pasi ukatoka ukelele.

"Hooo-yaaa-heeee!"

Bi Mwanahawa aliujua palepale. Ulikuwa ukelele wa juu mtoni kabisa, wa upande wa Mloka, wenye mkia mrefu wa sauti mwishoni, ambao hufundishwi ukubwani. Na mashambani kuna sheria moja isiyoandikwa. Dungu likiita, dungu jirani huitika. Usipoitika, mwenzio anajua umelala na ndege wanakula, na jua likizama kijiji kizima kinajua, na posa ya binti yako inaanza kusuasua. Ndege aliweza kuwavumilia. Jirani hakuweza kumnyima jibu. Akaivuta kanga chini.

"Heeee-yaaa-hooo!"

Delta nzima ikaruka. Yule aliyetoka Siberia na yule aliyetoka jirani wakaondoka pamoja, mchanga ukabaki mweupe.

"Shukeni," Amal alisema. "Wote wawili."

"Binti, mimi ndiye mkuu wa..."

"Shuka, bosi!"

Wakashuka. Wakakaa ukingoni mwa boti, viatu vya ofisini kando ya kandambili, na Mshamu akageukia injini ili wasimwone anavyocheka.

"Nilikuwa naamia shamba la babu," Bwana Abdulrazaq alisema hatimaye, akitazama maji. "Ndege, ngedere, nguruwe, wote. Nikaenda shule Dar, nikadhani imekwisha. Bi mkubwa, jambo hili humwacha mtu lini?"

"Haliachi, mwanangu."

"Na huo ukelele wako," akaongeza taratibu, "sijapata kuitikiwa namna ile tangu babu afe."

Bi Mwanahawa alishika magoti yake. Mwisho akauliza lile lililokuwa likimkaba. "Basi nikafunge mizigo?"

Bwana Abdulrazaq akafikiri. Akafungua kifungo cha kola. "Nikikuondoa, makao makuu wataniuliza sababu. Itabidi niseme ulipiga kelele. Wataniuliza nani aliyeanza." Akatikisa kichwa. "Hapana. Utabaki. Kiutaratibu, utabaki."

Bi Mwanahawa akaangua kicheko, na Bwana Abdulrazaq, ambaye hakucheka hata mgongoni mwa mtu, akacheka naye mpaka boti likayumba. Juu yao vitwitwi walikuwa wameanza kurudi kwa woga, wachachewachache, wakigusa mchanga na kuruka tena. Amal akatoa kichwa mnarani, uso umeiva kwa hasira.

"NYAMAZENIII!"

Ndege wote wakaondoka tena, safari hii na wale wa mikokoni. Wawili wale wakainua macho, wakasikiliza mpaka mwangwi ulipopotea.

"Sauti anayo," Bi Mwanahawa alisema.

"Anayo. Ila mkia hajui kuuvuta."

"Atajua," alisema Bi Mwanahawa, akaanza kuifunga kanga yake kiunoni. "Nipo naye."