Miali ya Buluu

Siku ya tatu bila umeme, Taimi alikuwa amechoka kubembeleza.

Kabla baridi kali haijaingia alikuwa amemwandalia kaka yake Oiva kila kitu. Alimjazia ndoo nne za maji, akampangia kuni kavu karibu na jiko, akamtengea vidonge vya moyo vya wiki nzima, akamtundikia ukutani kengele ndogo inayolia hewa ya nyumba ikiingia sumu. Kisha akaomba jambo moja tu.

"Kaka, usifunge dohani mapema. Subiri miali ya buluu iishe juu ya makaa."

"We Taimi, nilianza kuifunga dohani hii hujaota hata meno."

Na kweli alianza zamani. Lile jiko kubwa la matofali lilijengwa na baba yao. Moto ukiisha unasukuma bamba la chuma kuziba dohani, na joto linakaa ndani hadi kesho yake. Ukiziba makaa yakiwa bado na miali ya buluu, yanatoa hewa isiyo na harufu inayoua kimyakimya. Pale Kainuu, kaskazini mwa Finland, hakuna asiyelijua hilo. Hata hivyo, tangu majira haya ya baridi yaanze, Taimi alikuwa ameikuta dohani ya Oiva imefungwa mapema mara mbili. Alimgombeza, akamsihi, akanuna. Akamwomba ahamie kwake mpaka baridi ipungue. Oiva akamjibu kuwa jiko la kwake Taimi linavuta vibaya.

Asubuhi hiyo kipimajoto cha dirishani kilisema thelathini na moja chini ya sifuri. Taimi alivaa soksi jozi mbili, akajifunga skafu mpaka puani, akatoka. Njia ilikuwa wazi. Reijo, jirani mwenye trekta, alikuwa ameshapita kuondoa theluji, na hakuishia barabarani. Alisafisha mpaka kwenye banda la kuni la Oiva, ili mzee asishike koleo na moyo wake ule. Hakuna aliyemwomba. Taimi alilitia hilo moyoni akaendelea kutembea.

Alimkuta Oiva ameketi mezani, kichwa mikononi. Kikombe cha kahawa kimejaa, kimepoa.

Hapo ndipo Taimi aliposhtuka. Kaka yake hakuwahi kuacha kahawa ikapoa.

"Una nini?"

"Kichwa tu. Na kichefuchefu. Mafua hayo."

Taimi alisogea karibu na jiko. Alitazama juu: bamba limefungwa. Akafungua mlango wa jiko, na juu ya makaa miali ya buluu ilikuwa ikicheza. Akalivuta bamba, akaacha mlango wa nyumba wazi, akamtupia Oiva koti la manyoya mabegani na kumkokota mpaka barazani.

"Unataka kuniua kwa baridi, mwanamke wewe!"

"Nyamaza uvute hewa!"

"Mabuti yangu—"

"Nayaleta! Kaa hapo!"

Alirudi na mabuti, akapiga magoti kumvisha. "Na kengele? Kwa nini haikulia?"

Oiva alitazama pembeni. "Betri nilizitia kwenye redio. Nilitaka kusikia habari za hali ya hewa."

"Hali ya hewa! Si ungefungua mlango ukachungulia?"

Angecheka siku nyingine. Sasa machozi yalikuwa yakimtoka na kuganda kwenye kope.

"Hukuiona miali, kaka? Niambie kweli. Ulitazama?"

"Nilitazama. Ilikuwa imekwisha."

"Imekwisha wapi! Inacheza mpaka sasa."

Oiva alivuta koti la manyoya kifuani. Kisha akasema polepole, "Mimi naona wekundu tu, Taimi. Buluu siioni tena. Tangu mwaka juzi kila kitu kina umanjano, kama natazama kupitia chupa ya bia. Nafunga kwa kukisia saa."

"Na daktari wa macho? Si uliniambia ulikwenda?"

"Sikwenda. Wakijua sioni, watanipeleka kwenye nyumba ya wazee mjini."

Taimi alitamani kumpiga kwa buti lililobaki mkononi. Miezi yote ile amegombana na ukaidi, kumbe alikuwa akigombana na woga. Na angeambiwa tu, angekuja kutazama makaa mwenyewe, mara mbili kwa siku, bila neno.

Alipomaliza kumfunga kamba za mabuti, Oiva alitoa glavu zake za sufu mfukoni mwa koti akamvika. Taimi alikuwa ametoka mikono mitupu bila kujua.

Reijo alikuwa akirudi na trekta. Alipowaona barazani alisimama. Simu yake ilishika mtandao, Taimi akapigia kituo cha afya. Muuguzi alisikiliza, akasema mzee aletwe kituoni mara moja, asirudi ndani.

"Panda, mzee," Reijo alisema. "Kiti nimekipasha moto."

Kituoni walimwekea Oiva hewa safi puani mpaka alasiri. Muuguzi alipouliza kama kuna jambo lingine, Taimi aliuma midomo. Hakutaka kusema yeye. Oiva alikohoa, akakohoa tena.

"Macho," akasema. "Andika na macho."

Jioni walikuwa kwa Taimi. Betri zilikuwa zimerudi kwenye kengele, sasa ukutani kwa Taimi, na redio ilinyamaza. Oiva alikuwa amekwisha kulaumu jiko, supu na mto wa kitanda, na Taimi alikuwa amekwisha kuhesabu mpaka kumi mara tatu. Sasa alichuchumaa mbele ya makaa. Oiva alisimama nyuma yake, mkono karibu na bamba.

"Bado?"

"Bado. Inacheza."

Oiva akangoja. Akahema kwa nguvu ili asikike.

"Bado?"

"Bado, kaka."

Oiva akashusha mkono, akaenda kuketi.