Kichupa Chenye Mafua

Usiku wa kuamkia leo nimeota nimekaa barazani kwangu, nazibua sigara yangu ya kielektroniki. Hata ndotoni nilichungulia dirishani kwanza, maana mke wangu Mwanahawa anajua nimeacha kuvuta. Niliapa mbele ya mama yake, tena kwa sauti.

Chombo cha kuzibulia nilikitengeneza mwenyewe. Marehemu mama alikuwa na kibati chenye waya mwembamba, cha kuzibulia jiko lake la pampu. Mimi nikaunoa ule waya na kuuvisha kofia ya kalamu iwe mpini. Kazi ya kutwa nzima. Ningejitia ufundi huo kwenye paa linalovuja, leo ningekuwa mtu wa maana.

"Taratibu," kikasema kichupa cha mafuta cha ile sigara nilipokichokoa. "Nina mafua."

"Pole. Tangu lini?"

"Tangu uliponificha kwenye kanzu ya Idi. Na waya huo unazibua chochote kilicho mbele yake, kwa hiyo angalia unakouelekeza."

Nani wa kumfundisha fundi kazi? Naunyoosha waya kumwelekea jirani yangu Mzee Kidege, ambaye ni kiziwi tangu tuhamie mtaa huu. Masikio yake yanazibuka. Maneno yote yaliyokuwa yamekwama nje yanaingia kwa mpigo.

"Kumbe ndiwe uliyekuwa ukiniita pipa," anasema, kisha anaendelea kumwagilia mchicha.

Nakimbilia ndani, na ndani ni hospitali. Daktari ni jiko la pampu la mama, limevaa koti jeupe. Mwanahawa amekaa kwenye benchi, pochi mapajani, kama mtu aliyeleta mgonjwa.

Jiko linautazama waya. "Huyu mwanangu," linasema. "Nani kamvisha kofia ya kalamu?"

"Ni mimi. Shikamoo."

"Marahaba. Mama yako alimtumia kulisha nyumba nzima. Wewe unamtumia kwa moshi. Haya, fungua mdomo, umeziba."

"Nikiufungua nitasema," nanong'ona, meno nimeyauma.

"Ndiyo dawa yenyewe."

Waya siuogopi. Namwogopa yule wa kwenye benchi, kwa sababu ananiamini, na sidhani kama kuna mwingine anayeniamini.

Waya unaingia, unazunguka, unatoka.

"Sijaacha," unasema mdomo wangu, vizuri kabisa, kama unasoma taarifa ya habari. Mwanahawa anafungua pochi. Nikazinduka kabla sijaona anachotoa.

Kulikuwa kumekucha. Jikoni kulitoka mvumo ambao sijausikia tangu msiba wa mama. Jiko la pampu lilikuwa sakafuni, linawaka buluu, na Mwanahawa amechuchumaa kando yake.

"Gesi imeisha, Baba Nasra," akasema. "Nikakumbuka jiko la mama. Lilikuwa limeziba, nikahangaika kutafuta ule waya wake. Nimeukuta kwenye kanzu yako ya Idi."

Kofia ya kalamu ilikuwa mezani, imevuliwa. Pembeni yake kilikaa kichupa changu, kisafi, tundu wazi.

"Na hiki nimekizibua pia," akasema, huku akinimiminia chai. "Maskini, kilikuwa na mafua."

Nikafumbua mdomo niseme si changu. Ukaziba.