Mfuniko Chini ya Saruji

Choo cha Sidonia, mwalimu mstaafu wa Ihumwa, kilikuwa kimegoma kupitisha maji kwa siku tatu. Mtu wa kwanza aliyempigia simu alisema angefika saa hiyohiyo na gari la kunyonya maji taka. Sidonia akamuuliza kama ana leseni.

"Mama, unataka karatasi au unataka choo?"

Sidonia akakata simu. Mwaka uliopita gari lisilo na kibali lilimwaga uchafu korongoni, mahali mbuzi wa watu wanapokunywa maji.

Akaenda ofisi ya kata, akapewa namba ya Shamila, mwanamke mwenye gari lake mwenyewe. Kesho yake Shamila alifika, akamwamkia shikamoo, kisha akatoa leseni. Sidonia akavaa miwani na kuisoma hadi mwisho, huku akiona haya kidogo.

"Soma tu, mama. Niliihangaikia sana, na wengi hata hawaiulizi."

Shida ikawa mfuniko wa shimo. Marehemu mumewe ndiye aliyejua ulipo, na ua wote ulikuwa umesakafiwa. Shamila akatembea polepole, akigonga saruji kwa nondo na kutega sikio. Karibu na jiko la nje mlio ukabadilika.

"Ni hapa. Tutavunja padogo tu."

Kufikia adhuhuri shimo lilikuwa tupu. Sidonia akamwaga ndoo ya maji chooni, yakashuka yote. Akatoka mbio kumwita jirani aje achukue namba ya Shamila kabla gari halijaondoka.