Tanboi wa Millicent

Maurice Oloo alitua Doha Januari ya mwaka 2014 akiwa na sanduku moja, mashati manne ya mikono mifupi, na hakika moyoni kwamba popote watakapokwenda yeye na mkewe, yeye ndiye atakayeendesha. Hakuna aliyemwambia hivyo. Lakini mtu aliyeendesha malori kati ya Mombasa na Malaba kwa miaka thelathini na moja, akastaafu Desemba bila kugonga hata kuku, huona usukani wowote ulio karibu naye kuwa mali yake.

Mkewe Millicent alimpokea uwanja wa ndege akiwa na sweta mkononi.

"Vaa hii, Baba Fiona. Nje kuna baridi."

"Si uliniambia huku ni jangwani?"

"Ni jangwani. Pia ni Januari."

Sweta lenyewe lilikuwa la kike, la zambarau, na vifungo vyake vilikuwa upande usio wake. Akalivaa, na siku zilizofuata hakulivua ila kuoga.

Millicent alikuwa amekaa Doha miaka kumi na minane, yote katika nyumba ya Mama Wadha, mtaa wa Al Rayyan. Alianza na kazi za ndani. Miaka mitano baadaye Mama Wadha, ambaye hakutaka mabinti zake wanne wabebwe na mwanamume wasiyemjua, alimpeleka kujifunza gari, na tangu hapo Millicent akawa dereva wa nyumba. Sasa mabinti walikuwa wameolewa wote, Millicent alikuwa ametimiza sitini, na mkataba wake ulikuwa unaisha mwishoni mwa Februari. Maurice alikuwa amekuja kumsaidia kufunga mizigo, warudi nyumbani Ahero pamoja.

Siku ya tatu Mama Wadha aliwaita. Alikuwa mwanamke mfupi, mjane wa miaka minne, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Alizungumza Kiarabu, Millicent akawa anatafsiri.

"Anasema mizigo haifungwi mwezi mzima. Anasema nimemzungusha miaka kumi na mitatu, shule, hospitali, madukani, nyumbani, na nchi yenyewe sijaiona. Anatupa lile gari la mzee, siku tano, tukatembee."

Gari la mzee lilikuwa shambani Umm Salal, chini ya turubai. Marehemu mume wa Mama Wadha alilinunua alipostaafu: gari refu jeupe lenye kitanda, jiko la gesi, meza ya kukunja, choo na mapazia ya maua. Alimtembeza mkewe humo mara moja tu, kisha ugonjwa ukamlaza. Watoto walitaka liuzwe. Mama yao akakataa, na kila mwezi fundi alikuja kuliwasha na kulipangusa vumbi.

Turubai lilipotolewa, Maurice alilizunguka mara mbili akigusa magurudumu kwa ncha ya kiatu. Kisha akanyoosha mkono apokee ufunguo. Mama Wadha akautazama mkono ule kwa utulivu, akampa Millicent ufunguo.

"Bima ina jina langu peke yangu," Millicent akamwambia kwa upole. "Na leseni yako ni ya Kenya."

Maurice akapanda upande wa pili.

Sasa, Qatar magari hupita kulia, na usukani uko kushoto. Kwa hiyo kiti cha abiria alichokalia Maurice kilikuwa upande uleule aliokaa maisha yake yote kama dereva, ila mbele yake hapakuwa na kitu isipokuwa kijisanduku cha kuwekea karatasi. Mikono ilikosa pa kukaa. Miguu nayo haikuelewa habari za bima. Kila Millicent alipokaribia gari lingine, mguu wa kulia wa Maurice ulikanyaga breki isiyokuwepo.

"Utatoboa hiyo sakafu," Millicent alisema walipokuwa kwenye barabara kuu ya kaskazini.

"Umemkaribia sana huyo."

"Niko mita themanini."

"Kwa lori hiyo si kitu."

"Hili si lori, Baba Fiona."

Maurice akauliza, "Nchi nzima ina urefu gani?"

"Kama kilomita mia na sitini."

Maurice alicheka mpaka akakohoa. "Hiyo ni Nairobi mpaka Nakuru. Mimi hapo nilikuwa sijanywa hata chai. Siku tano tutaenda wapi?"

Millicent aliendesha bila haraka, mkono mmoja juu ya usukani, na Maurice, ambaye alitaka sana kuona kosa, aliona tu kwamba anatazama vioo vyote vitatu kwa zamu, kama anavyotakiwa dereva mzuri.

Usiku wa kwanza walilala karibu na Al Ruwais, kwenye ncha ya nchi, bahari ikiwa hatua chache kutoka mlangoni. Maurice alikuwa amejipa kazi ya kupika, kwa kuwa hakupewa nyingine. Chapati zake zilitoka na pembe. Walipokuwa wanakula alianza tena habari za kona ambayo Millicent aliikata vibaya, na jinsi ambavyo yeye, kwa miaka thelathini na moja...

Millicent akaweka kikombe chini. "Na mimi kumi na mitatu. Uliwahi kuniuliza naendesha gari gani?"

Maurice akafikiri. Kila Ijumaa walikuwa wakipigiana simu. Alimuuliza afya, alimuuliza kama amekula, alimweleza mvua, watoto, mabati ya nyumba, na barabara. Barabara ndizo alizozieleza zaidi: ukungu wa Timboroa, foleni ya mizani ya Mariakani, breki zilizochemka kwenye mteremko. Millicent alisikiliza yote.

"Sikuuliza," akasema.

"Basi. Kula chapati zako."

Asubuhi iliyofuata walizuru ngome ya Zubara, upande wa magharibi. Mlinzi wa mlangoni alikuwa kijana kutoka Kisii aitwaye Levis, ambaye alipowasikia wakibishana kwa Kiswahili alikuja mbiombio, kofia mkononi.

"Mzee, mmetoka wapi na hii nyumba?"

"Nimeletwa na dereva wangu," Maurice akajibu, akimwelekezea Millicent kidole. Alikusudia iwe dhihaka ndogo, lakini Levis akamgeukia Millicent kwa macho makubwa.

"Mathe, wewe ndiye unaendesha hii kitu? Shikamoo tena." Akaomba apigwe picha akiwa ameegemea bodi ya gari, akamtumia dada yake papo hapo. Maurice ndiye aliyepiga picha.

Kutoka hapo walishuka kuelekea Zekreet, ambako Millicent aliambiwa kuna miamba iliyochongwa na upepo kama uyoga. Lami ikaisha. Mbele yao njia ya changarawe ilipinda kulia kuzunguka uwanda mpana mweupe, laini kama sakafu iliyosakafiwa jana.

"Kata hapo katikati," Maurice akasema. "Utaokoa nusu saa."

"Hapo peupe hapaaminiki. Wenyewe wanapaita sabkha. Juu ni ganda la chumvi, chini ni tope."

"Mama Fiona, ardhi ngumu naijua kwa macho. Hiyo ni ngumu."

Millicent akamtazama. Tangu watoke Umm Salal alikuwa amemkatalia kila kitu, na pengine alimhurumia, au alichoka. Akakata katikati.

Walienda mita mia moja hivi. Kisha kukasikika mlio kama wa biskuti inayovunjika, na pua ya gari ikainama taratibu, kama mtu anayeinama kuomba. Magurudumu ya mbele yakazunguka, yakarusha tope la kijivu, yakatulia.

"Tia moto," Maurice akasema. "Litoke kwa nguvu."

Millicent akazima injini. "Ukitia moto linazama zaidi." Akashuka, akainama, akatazama, akarudi. "Ngoja nichemshe chai kwanza."

Maurice alibaki nje ameshika kiuno. Pande zote hapakuwa na mtu, isipokuwa ngamia wawili mbali, wakitafuna bila wasiwasi. Uso ulimchoma. Miaka thelathini na moja hakuwahi kuzamisha gari kwa ujuaji wake, na siku ya kwanza kukubaliwa rai yake alikuwa amelizamisha la mjane wa watu.

Akaingia ndani. "Ni mimi," akasema. "Uliniambia."

"Nilikuambia." Akampa kikombe. Walikunywa gari likiwa limeinama, chai imelala upande mmoja wa kikombe, na kwa kuwa hakukuwa na pa kwenda, Maurice akauliza lile ambalo hakuuliza kwa miaka kumi na mitatu. Ulijifunzaje? Gari la kwanza lilikuwa lipi?

Millicent alimwambia. Lilikuwa Land Cruiser ambalo alilikwaruza kwenye lango wiki ya kwanza. Alilia, naye Mama Wadha akaleta kiti, akaketi pale langoni akimwelekeza mpaka akaliingiza mara ishirini. Alimwambia jinsi alivyowasubiri wasichana shuleni, saa baada ya saa, mpaka akajua kila ukuta wa Al Rayyan hutupa kivuli upande gani na saa ngapi. Alimwambia jinsi binti wa tatu alivyoanza uchungu wa kuzaa katika foleni ya West Bay, na yeye akapanda ukingo wa barabara na taa zote zikiwaka.

"Ukapanda ukingo?"

"Mtoto alizaliwa dakika kumi baada ya kufika hospitali."

"Hiyo hukunieleza."

"Ijumaa ile ulikuwa unanieleza mizani."

Maurice akacheka, naye akacheka, mpaka chai ikamwagika.

Halafu wakafanya kazi. Millicent alijua jinsi ya kutoka: kupunguza upepo wa magurudumu, kuchimba nyuma yake, kutandika kitu kikavu, na kurudi kinyumenyume kwa njia waliyoijia. Lakini kuchimba, kulala kifudifudi kwenye tope la chumvi, kujua gurudumu linataka kushika wapi, hayo Maurice aliyajua. Mwaka 1979, kabla hajashika usukani wowote, alikuwa tanboi, yaani kijana wa kumsaidia dereva wa lori, wa kuweka jiwe nyuma ya gurudumu na kuchimba gari likizama. Mwili ulikumbuka. Alichimba kwa koleo, na kwa mikono, na kwa kifuniko cha sufuria. Alitandika mazulia mawili ya marehemu na, baada ya kusita, lile sweta la zambarau.

Akasimama pembeni pale ambapo Millicent angemwona kwenye kioo. "Polepole," akaita. "Kata kidogo kushoto. Njoo, njoo, njoo."

Gari likatetemeka, likapanda zulia, likateleza, likapanda tena. Maurice akawa anarudi nalo, mkono mmoja kwenye bodi, akiita, "Njoo, njoo," mpaka magurudumu yote manne yakafika kwenye changarawe. Ilikuwa imewachukua saa tatu. Millicent akashuka akamkuta ameketi chini, mweupe wa chumvi kuanzia nyusi hadi viatu, akitabasamu kama mtu aliyepata kazi.

"Tanboi mzuri ni mgumu kupata," Millicent akasema.

"Ninapatikana mpaka Februari."

Tangu hapo mguu wake ulitulia. Alishika ramani, alimenya machungwa akampa dereva kipande kimoja kimoja, na kila walipoegesha alishuka kwanza kumwelekeza. Walivuka nchi kwa upana, wakashuka kusini hadi kwenye milima ya mchanga inayoingia baharini, na siku ya tano ilipofika Millicent akapiga simu kuomba mbili zaidi. Zikawa nne. Mchana mmoja baada ya chakula Millicent alisema anajinyoosha kidogo, akalala usingizi mzito mpaka jua likashuka. Maurice alikuwa hajawahi kumwona amelala mchana katika miaka thelathini na minane ya ndoa. Aliwafuata vijana waliokuwa wakiendesha pikipiki kwenye mchanga, akawaomba kwa ishara wahamie mbali kidogo, nao wakahama.

Siku ya tisa waliingiza gari uani kwa Mama Wadha, limeoshwa, mazulia yamefuliwa lakini yana madoa. Maurice alikuwa amejiandaa. Alisimama mbele ya yule mama.

"Mwambie gari lilizama, na kosa ni langu, si lako. Mazulia nitayalipa."

Millicent akatafsiri. Mama Wadha alisikiliza, akauliza swali, akauliza lingine. Kisha akapanda garini mwenyewe, polepole, akishika mlango. Wakamsikia akifungua kabati, akivuta pazia, akikaa kitandani. Alikaa humo muda mrefu. Maurice na Millicent walisubiri nje.

Alipotokeza kichwa dirishani macho yalikuwa mekundu, lakini sauti ilikuwa ileile.

"Anasema mazulia ni mazulia," Millicent akatafsiri. "Anauliza lina mafuta?"

"Nusu tangi."

"Anasema kesho baada ya sala ya alfajiri tumpeleke Al Ruwais. Marehemu alimwahidi kurudi naye. Anasema wanawe wasiambiwe mpaka tufike."

Na hivyo siku ya kumi waliondoka watatu. Millicent aliendesha. Maurice aliketi nyuma na Mama Wadha, akampikia chai ya maziwa na tangawizi. Yule mama akaionja, akakunja uso, akaashiria sukari, kisha iliki, akamwondoa jikoni kwa mkono na kuipika upya mwenyewe huku gari linakwenda, akishikilia sufuria isimwagike. Hawakuwa na lugha moja, ila kila walipokaribia kona yule mama alipaza sauti kumwambia Millicent apunguze mwendo, na Maurice, bila kuhitaji tafsiri, alitikisa kichwa kukubaliana naye.

"Nawasikia nyote wawili," Millicent akasema kutoka mbele, wala hakupunguza.