Bosi Siau na Funguo za Gari la Jukwaa

Bosi Siau hajawahi kupoteza kitu maishani mwake. Vyote vilivyompotea viliibwa. Mwavuli wake uliibwa. Meno yake ya bandia yaliibwa, halafu mwizi akayarudisha chini ya kitanda. Kwa hiyo asubuhi ya sikukuu ya hekalu, alipopapasa kiuno akakosa funguo za gari la jukwaa, hakutazama chini kama watu wengine. Alinitazama mimi.

"A-Le, lete funguo."

"Sinazo, Bosi."

"Gari unaosha wewe, taa unabadilisha wewe. Sasa funguo anazo nani, paka?"

Jana yake nilimwona mbele ya duka la pombe, anazizungusha kidoleni, anawaambia rafiki zake kwamba Taiwan nzima hakuna jukwaa la magurudumu linalong'aa kama lake. Sikulisema hilo. Kusema mbele za watu hunishinda, naye alijua, ndiyo maana alinichagua mimi. Angemchagua mwimbaji wetu, angetukanwa mpaka jua lizame.

Mke wa Bosi akaniambia nikusanye nguo zangu. Nguo si kitu. Lakini ukishaitwa mwizi mbele ya hekalu, hakuna gari la jukwaa litakalokupokea kutoka pale mpaka baharini, na mimi kazi nyingine siijui.

Gari lilisimama uwanjani, limejifumba kama kobe. Ubavu wake ndio unaofunguka kuwa jukwaa, na swichi zimo ndani ya kisanduku chenye kitasa chake. Mungu wa kijiji alikuwa ametoka, sanamu yake inatembezwa mitaani juu ya machela. Akirudi lazima akute nyimbo zimeanza. Watu waje wasije, nyimbo ni zake.

Fundi Ong, mchonga funguo, alikuja na pikipiki, tupa zake ndani ya kopo la maziwa. Akachomeka ufunguo usiochongwa, akautikisa, akauchomoa, akatazama alama zilizobaki, akakwangua kidogo. Akarudia.

"Nichonge seti ngapi?" akauliza.

"Moja," Bosi akajibu. "Nitakaa nazo mimi."

"Utakaa nazo wewe? Basi namba yangu ya simu usiipoteze."

Bosi Siau hawezi kusimama karibu na mtu anayefanya kazi bila kutafuta la kuharibu. "Twendeni ndani ya hekalu," akatangaza. "Tutamuuliza mungu. Kama A-Le kaiba, leo ataumbuka."

"Mungu yuko barabarani, Siau," alisema Bibi Kui-hua, aliyekuwa kwenye kiti cha plastiki akimenya karanga na mabibi wenzake. "Unamuuliza nani?"

"Msaidizi wake yupo madhabahuni."

Akachukua vipande viwili vya kupigia ramli, vya mti, vilivyochongwa kama mwezi mchanga, akapiga magoti kwa kishindo, akauliza kama mimi ndiye niliyeiba. Akavirusha. Vikalala vyote matumbo yao bapa juu.

"Anacheka!" wakasema mabibi.

"Analicheka swali," akaeleza mmoja wao.

"Au anakucheka wewe."

Akarusha tena. Vyote migongo juu: hapana. Akarusha tena: hapana.

"Hajaelewa," Bosi akasema, akasogea karibu na madhabahu kana kwamba msaidizi wa mungu ni kiziwi. "Nauliza hivi: je, A-Le ni mtu ambaye huenda, pengine, akajua funguo zilipo?"

Kimoja tumbo, kimoja mgongo. Ndiyo.

"Mmeona! Mmeona!"

"Tumeona umemchosha mzee wa watu mpaka kaitikia ili alale," alisema Bibi Kui-hua. "Jambo la wizi lataka ndiyo mara tatu mfululizo, nawe unajua. Haya, rusha."

Akarusha. Kipande kimoja kikateleza chini ya meza ya sadaka. Bosi mzima, mwenye pete mbili za dhahabu na kadi za biashara zenye picha yake, akatambaa kukifuata, makalio juu, akatoka nacho mkononi.

"Ilikuwa ndiyo."

"Shahidi nani? Mende?"

Hapo nje Fundi Ong akaita kwamba amemaliza. Kisanduku kilikuwa wazi. Ngoma za mungu zilisikika upande wa mashamba ya vitunguu saumu, tena si mbali. Bosi alitoka mbio, akazinyakua funguo, akanirushia.

"Haya, fungua! Upesi!"

Kuna miguu ya chuma chini ya jukwaa, lazima mtu alale chali kuifunga, na tumbo la Bosi Siau halipiti pale. Niliziacha funguo zianguke vumbini.

"Mwizi hapewi funguo, Bosi."

Mabibi wakaacha kutafuna.

"A-Le, huu si wakati..."

"Sema kwanza kwamba sikuiba. Kwa maiki."

Alimtazama mkewe. Mkewe akatazama ngoma zilikotokea. Bosi akachukua maiki kisandukuni, akakohoa, uwanja mzima ukakohoa naye.

"A-Le hakuiba funguo. Funguo zili... zilipotea."

"Zilipotezwa na nani?" mabibi wakapaza sauti.

"Na upepo."

Kijiji kizima kilicheka. Yeye akadhani anashangiliwa. Akainama kushukuru.

Nikaokota funguo, nikalala chali, nikafunga miguu, nikafungua ubavu. Mungu aliingia akakuta nyimbo zake, zote, hakupunjwa hata moja.

Wimbo wa mwisho ulipokwisha nilimwekea Bosi funguo kiganjani, mbele ya macho ya mabibi.

"Kesho uje mapema," akasema. "Tunaimba mazishini."

Nilidhani ningekuwa na hasira. Sikuwa nayo. Mtu humkasirikia mwenzake, na huyu hakufika hata hapo. Nikachukua ndoo ya kuoshea gari, maana niliinunua mwenyewe, nikashika njia ya kituo cha basi.