Asilimia Nne za Mama

Usiku wa kuamkia leo niliota nimempeleka mama yangu, Bi Somoe, ghalani kupimwa. Korosho zenyewe tulikuwa tumeziacha nyumbani, zimekaa barazani zinakunywa chai. Jambo hilo halikunishangaza hata kidogo.

Mizani ya ghala ilikuwa mtu: alikuwa kwenye kiti cha plastiki, kavaa miwani, anatafuna. Hata mchana wa kweli huwa anatafuna, ila kinywa chake hakionekani.

"Unyaufu," akasema bila kuinua macho. "Mzigo ukikauka hupungua uzito. Nakata asilimia ishirini."

"Huyu si mzigo. Ni mama yangu."

"Mama naye hukauka."

Ninawajua hawa wa ghalani. Mwaka wa mvua nyingi walitukata kwa sababu ya maji. Mwaka wa jua kali wakatukata kwa sababu ya vumbi. Mwaka ambao mvua na jua vilikuja kwa adabu, wakatukata kwa sababu ya gunia. Wengine husahau. Mimi hata usingizini sisahau.

"Asilimia maana yake ni katika kila mia," Mizani akanielekeza kwa upole wa mtu aliyeshiba. "Kwa hiyo kwanza awe mia."

Mama anapanda kupimwa. Anamwagika juu ya jamvi vipande mia, safi, bila tone la damu, kama korosho zilizoanikwa. Kila kipande kinaendelea kusema. Kimoja kinaniuliza kama nimefunga mlango wa jikoni. Kingine kinamwambia Mizani, "Nilimjua babu yako, naye alikuwa mlafi hivihivi." Mizani anachota vipande ishirini, na hicho cha babu kikiwemo, anavimeza.

Themanini vilivyobaki vikajikusanya. Mama akasimama, kapungua kimo, hana sikio la kushoto, na mkono mmoja haupo.

"Chilumba, mwanangu," akasema, "mbona kama kuna upepo unanipita?"

Nikageuka kuwaita watu, kumbe ghala limekuwa duka la Mchopa, lile la pale kijijini. Mchopa hayupo. Kwenye rafu kuna mche wa sabuni unajipaka mafuta.

"Mimi nimeongezwa asilimia ishirini," ukajisifu.

"Ya kiasi gani?" nikauliza. Sijui kwa nini niliuliza hivyo. Nilikuwa na hasira, nikataka kuukera tu.

Sabuni ikaacha kujipaka mafuta. "Hatimaye! Miaka nakaa hapa, watu wanasoma tumbo langu wanapita, hakuna anayeuliza. Nilikuwa gramu mia mbili. Ishirini katika kila mia, mara mbili, ni arobaini. Sasa ni mia mbili na arobaini. Ningekuwa gramu kumi, ningeongezwa gramu mbili tu, na maandishi yangekuwa yaleyale, makubwa vilevile. Rudi kwa mama yako. Usikubali kupewa asilimia kabla hujaoneshwa kiasi inachotoka."

Nikarudi. Duka likawa uwanja wa mpira, na kijiji kizima kimeketi majukwaani na magunia matupu mapajani. Mizani yuko katikati, kwenye nukta ya kuanzia mpira, anatabasamu.

"Nimepima tena, mama yako hakuwa na unyaufu," akatangaza. "Mimi ni muungwana. Nilikata asilimia ishirini, narudisha asilimia ishirini. Ngoma droo."

Anatema vipande, kimoja kimoja. Sikio linarudi mahali pake. Mkono unarudi. Watu wanapiga makofi. Mama anajikagua, anatengeneza kanga yake, kisha anapiga goti mbele ya Mizani.

"Ahsante sana, mheshimiwa," anasema.

Nikamsogelea. Mama yangu hajawahi kumshukuru Mizani. Mama yangu humsonya Mizani kabla hata hajashusha gunia kichwani. Huyu aliyepiga goti alikuwa na sura yake yote na sauti yake yote, lakini alikosa ile sehemu inayobisha.

"Umerudisha vipande vingapi?" nikauliza.

"Asilimia ishirini."

"Ya kiasi gani?"

Mizani akavua miwani, akaifuta. "Ya aliyekuwepo. Themanini. Asilimia ishirini ya themanini ni kumi na sita."

"Na ulipokata, ulikata ya kiasi gani?"

"Hebu mtoeni huyu kijana uwanjani."

"Ulikata ya kiasi gani?"

"Ya mzima," akanong'ona. "Ya mia."

"Basi unakata kwa mzima, unarudisha kwa kilema! Mama yangu ana tisini na sita. Vinne viko tumboni mwako."

"Lakini nikirudisha vyote nitakuwa nimemwongeza asilimia ishirini na tano!" Mizani akalia. "Nilikata ishirini, natoa ishirini na tano? Mnaniibia, jamani!"

"Ni ishirini na tano ya themanini, na ni ishirini ya mia. Vipande ni vilevile. Tapika."

Jukwaani Bi Likwawa, jirani yetu, akasimama. "Ya kiasi gani?" akapaza sauti. Mwingine akaitikia. Kisha uwanja mzima, wanaume kwa wanawake, wakipiga miguu, "Ya kiasi gani? Ya kiasi gani?" mpaka milingoti ya goli ikaanza kuuliza nayo.

Mizani akatapika. Kwanza vinne vya mama, vikaruka moja kwa moja hadi kifuani pake. Mama, aliyekuwa bado amepiga goti, akainuka taratibu.

"We bati lenye kutu," akaanza, "nani kakwambia mimi hupiga magoti?"

Sijawahi kusikia matusi matamu kama yale. Na Mizani akaendelea kutapika: korosho za mwaka wa mvua, za mwaka wa jua, za mwaka wa gunia, zikamiminika majukwaani, magunia yakijaa yenyewe na kujifunga kamba. Tulikuwa tunaimba.

Nikaamka. Jua limeshatoka. Barabarani gari la matangazo lilikuwa linapita na kipaza sauti: "Salfa, dawa ya mikorosho! Punguzo la asilimia thelathini! Wahini, punguzo la asilimia thelathini!"

Uani mama alikuwa anafagia. Nilikuwa sijatoka chumbani, sijamsimulia mtu. Ufagio ukanyamaza.

"Ya kiasi gani?" mama akauliza.

Gari likasimama. Kipaza sauti kikakohoa.

"Samahani, mama," kikasema. "Sijaelewa swali."

"Umeelewa," akasema mama. "Shuka."